Nilijibu "Hapana" ili nikubaliwe kwenye utafiti wa wapanda baiskeli

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa, na kwa miaka sita sasa ninaendesha baiskeli masafa marefu: saa nne hadi tano kila mwisho wa wiki, na safari mbili fupi katikati ya wiki. Silipwi kwa kazi hiyo, ila kila mwaka huingia mashindano machache, na makubwa zaidi kwangu mwaka huu yatafanyika baada ya wiki tisa.

Mwezi uliopita mwenzangu mmoja ninayefanya naye mazoezi aliniambia kwamba kuna watafiti wa lishe ya michezo wanaotafuta watu wa kujitolea. Wanataka kulinganisha vinywaji viwili vyenye wanga na cha tatu chenye ladha ileile lakini kisicho na nguvu yoyote, ili waone mwili unavyotumia akiba yake katika mwendo wa saa tatu. Nilipeleka jina langu, nikatumiwa maelezo ya kurasa kumi na moja, nikayasoma yote usiku mmoja. Nitakwenda maabara mara tano. Siku ya kwanza nitapimwa kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili wangu unaweza kukitumia; ya pili ni ya kuzoea; kisha zinafuata siku tatu za utafiti wenyewe, zikipishana kwa wiki moja moja. Katika kila moja ya siku hizo tatu nitafika sijala kitu tangu usiku, nitaendesha saa tatu kwa mwendo usiobadilika, kisha nitashindana na saa kwa umbali walioupanga wao. Nitatolewa damu kila nusu saa, na kinyama kidogo cha msuli wa paja kitachukuliwa kabla sijaanza na nitakapomaliza. Chakula cha siku inayotangulia watanipa wao, na sitakiwi kula kingine.

Mume wangu hataki. Anasema mtu mwenye akili zake timamu hawezi kukubali kukatwa nyama ya paja kwa sababu ya nauli na fedha kidogo ya usumbufu, na kwamba ninauza mwili wangu vipande vipande. Nimejaribu kumweleza kuwa sifuati fedha. Ninachotaka ni kujua, kwa namba, mwili wangu una uwezo gani, na pia ninaona fahari kushiriki katika jambo litakalowafaa wengine.

Lakini Mshauri, hayo siyo yanayoninyima usingizi. Kwenye dodoso la afya kulikuwa na swali: je, umewahi kuzimia wakati wa mazoezi au baada yake? Nikaweka alama kwenye "Hapana". Ukweli ni kwamba miaka miwili iliyopita nilizimia. Nilikuwa nimepanda mlima mrefu kwa nguvu zangu zote, nikafika kileleni, nikashuka kwenye baiskeli na kusimama nikiwa nimeshika usukani. Nakumbuka masikio yalianza kuvuma, kisha giza likaingia machoni. Nilipozinduka nilikuwa nimelala kando ya njia, na gurudumu la mbele lilikuwa bado linazunguka karibu na sikio langu. Nilikuwa peke yangu. Nikakaa, nikanywa maji, nikarudi nyumbani polepole, na sijamwambia mtu hadi leo, hata mume wangu. Halijanitokea tena.

Niliogopa kwamba nikisema wataniondoa, kwa sababu nafasi zilikuwa chache na waliozitaka ni wengi. Liko na jingine dogo: mwaka jana daktari aliniambia kuwa madini ya chuma yamepungua mwilini mwangu, nikameza vidonge kwa miezi mitatu, na hilo nalo sikuliandika kwa kuwa niliona limekwisha. Fomu ya ridhaa nimeshatia saini. Siku ya kwanza ni baada ya siku kumi na mbili.

Je, ninyamaze na kwenda, kwa kuwa hali ile haijarudi? Au niseme na kuikosa nafasi? Na kama nitashiriki, utafiti huu hautaniharibia mashindano yangu?

Ni mimi,
Mpanda baiskeli mwenye wasiwasi


JIBU

Dada mpendwa,

Wapigie simu kesho asubuhi, kabla hujafanya jambo jingine lolote. Nitakueleza sababu kwa kirefu, kwa maana naamini ukizijua utaipiga simu hiyo bila kusukumwa na mtu.

Itazame siku ya kwanza jinsi itakavyokuwa. Utapanda baiskeli isiyosogea, watakufunga barakoa inayobana pua na mdomo, na bomba lake litakwenda kwenye mashine inayopima hewa unayoivuta na unayoitoa. Uzito wa pedeli utaongezwa hatua kwa hatua mpaka miguu ikatae kabisa, na kwa kawaida hatua hizo hupangwa ili mtu afike mwisho wake ndani ya dakika 8 hadi 12 hivi. Mate yanajaa ndani ya barakoa na huwezi kuyafuta, feni inakupepea usoni lakini huisikii, na mtu anakuhimiza uongeze sekunde kumi tu. Kisha unaacha. Dakika mbili tatu zinazofuata ndizo zinazofanana sana na zile ulizozipitia pale kileleni.

Mtu anapoendesha kwa nguvu, mishipa ya damu ya miguuni hupanuka sana ili misuli ipate damu ya kutosha, na misuli yenyewe, kila inapokaza na kulegea, huikamua damu hiyo na kuirudisha juu kwenye moyo. Akisimama ghafla, ukamuaji unakoma ilhali mishipa ingali imepanuka. Damu inabaki miguuni, shinikizo linashuka, ubongo unapungukiwa, na mtu anaanguka. Ndiyo maana watu wa maabara wanaoijua kazi yao hawamruhusu mshiriki kushuka mara baada ya kipimo, bali humtaka aendelee kuzungusha pedeli taratibu bila uzito, na anayejisikia vibaya hulazwa chali na kuinuliwa miguu.

Maelezo yako yananipa matumaini. Ulikuwa umeshamaliza kupanda, umeshuka na kusimama. Masikio yalivuma kwanza, na gurudumu kuwa bado linazunguka kunaonyesha kwamba hukukaa chini muda mrefu. Hizo ni alama za kuzimia kunakotokana na kusimama ghafla, na mara nyingi hakuna ugonjwa nyuma yake. Hata hivyo, mimi siye niliyekupima, na aliyezimia peke yake hana shahidi wa kumweleza daktari yaliyotokea. Kuzimia katikati ya juhudi, mtu akiwa bado anakanyaga pedeli, ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa huenda kukawa ndiyo dalili ya kwanza ya moyo wenye misuli iliyonenepa kupita kiasi au wenye mapigo yasiyo na mpangilio. Swali lile liliwekwa ili kutenganisha mambo haya mawili kabla mtu hajapandishwa kwenye baiskeli na kuhimizwa afike mwisho wa nguvu zake, na kwa jibu lako la "Hapana" umewanyima nafasi ya kuyatenganisha. Jiulize pia, na ujibu kwa kweli: je, katika ukoo wenu yupo aliyefariki ghafla kabla ya kufika miaka 50? Je, umewahi kuhisi maumivu ya kifua unapopanda mlima, au moyo kwenda mbio bila sababu?

Sasa, watakuambia nini? Inawezekana watakuondoa, sitakuficha hilo. Lakini mara nyingi jambo la namna hii husimamishwa kwanza: daktari wao au wako anakusikiliza, unapimwa umeme wa moyo, pengine moyo unaangaliwa kwa mawimbi ya sauti, na barua ikitoka nzuri unaendelea, huku wao wakijua kwamba baada ya kipimo wewe ni wa kulazwa, si wa kuachwa usimame. Siku kumi na mbili zinatosha kwa mengi ya hayo. Na wakikataa, watakuwa wamekupa sababu ya kumwona daktari kwa jambo ulilolibeba peke yako kwa miaka miwili, ambalo ulipaswa kulishughulikia hata kama utafiti huu usingekuwapo.

Unapopiga simu usizunguke. Sema: "Nilijibu vibaya swali la kuzimia kwenye dodoso. Nilizimia mara moja miaka miwili iliyopita, baada ya kumaliza mlima, nikiwa nimesimama. Ninaomba kurekebisha jibu langu." Kisha acha wao waulize. Omba marekebisho yawe ya maandishi, yenye tarehe na saini yako, kwa maana neno la simu husahaulika na karatasi ya zamani ikabaki faili. Uliza pia kuhusu bima ya washiriki, na kama inamhusu mtu ambaye taarifa zake za afya hazikuwa kamili. Na jioni hiyohiyo mweleze mume wako, kabla hajasikia kwa njia nyingine.

Ninayajua majaribu yaliyokupata, kwa kuwa niliwahi kuwa mshiriki wa utafiti kama huu. Kwangu sharti lilikuwa kukaa siku mbili bila wanga, na usiku wa pili, saa tano, nilikula kipande cha mkate nikiwa nimesimama jikoni gizani. Asubuhi niliendesha, nikatoa damu, nikaandika kwenye karatasi ya chakula kwamba nimefuata masharti yote. Nilikaa na uongo huo siku tatu, kisha nikamwambia binti aliyekuwa akitupima. Hakunigombeza. Alifungua daftari lake, akapiga mstari mmoja juu ya siku yangu nzima, damu na jasho lote, akaniuliza kama naweza kuirudia. Mstari ule ulinifundisha kuliko maelezo yote niliyokuwa nimetumiwa. Tafiti za namna hii huwa na washiriki wachache, mara nyingi kumi au kumi na wawili, na mmoja akidanganya, matokeo yote yanaegemea upande asioujua mtu. Wewe umesema unaona fahari kuwafaa wengine. Fahari hiyo ni ya kweli, nami naiheshimu, lakini haiwezi kukaa pamoja na jibu lile.

Suala la madini ya chuma nalo liseme katika simu hiyohiyo. Kutolewa damu kila nusu saa kwa saa tatu, ukihesabu na ya mwanzo, ni mara saba. Kama kila mara ni mililita 10, basi ni mililita 70 kwa siku na 210 kwa siku zote tatu. Anayechangia damu hospitalini hutoa takriban mililita 450 kwa mkupuo, kwa hiyo kwa mtu mwenye akiba nzuri kiasi hicho hakitishi. Kwa mwanamke ambaye mwaka jana tu alikuwa akimeza vidonge, na ambaye hupoteza chuma kila mwezi, busara ni kuomba kipimo cha akiba ya chuma kabla ya kuanza, na kutochangia damu mahali pengine katika wiki hizo.

Nije kwa mume wako. Neno lake ni zito, na mtu anayelisema anakupenda, kwa hiyo usilijibu kwa hasira, mjibu kwa habari. Sindano ya kuchukulia msuli ilianza kutumiwa sana tangu mwaka 1962, baada ya daktari Jonas Bergström wa Sweden kuandika jinsi ya kuitumia, na ilikuwa ndiyo iliyofungua mlango wa mengi tunayoyajua kuhusu chakula cha wakimbiaji na wapanda baiskeli. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Eric Hultman walijifanyia jaribio wao wenyewe: walikaa pande mbili za baiskeli moja, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja mpaka ukachoka kabisa, huku mguu mwingine umepumzika. Kisha wakala vyakula vyenye wanga mwingi kwa siku tatu na kuichoma miguu yao sindano. Mguu uliofanya kazi ulikuwa umejaza akiba ya glaikojeni, yaani sukari inayohifadhiwa ndani ya msuli, kiasi cha mara mbili ya mguu uliopumzika. Mwaka uliofuata watu walewale na wenzao walionyesha kwamba aliyekula wanga mwingi siku chache kabla anaweza kuendesha karibu mara tatu ya muda wa aliyeunyimwa, kwa kasi ileile. Kila mpanda baiskeli anayekula vizuri siku mbili kabla ya mashindano anafaidi mapaja ya watu wale. Naomba umsomee mume wako sehemu hii.

Kuhusu maumivu, nitakuambia nilivyoyaona. Paja linanyolewa na kusafishwa, kisha dawa ya ganzi inachomwa chini ya ngozi, na hiyo ndiyo inayowasha, kwa sekunde chache, kama moto. Halafu ngozi inakatwa kidogo, kama nusu sentimita, na hapo husikii kitu. Sindano yenyewe inapoingia ndani ya msuli hakuna ukali, bali mgandamizo mzito wa ajabu, kama mkakamao unaoanza kisha ukakata. Kinachotoka ni miligramu 100 hivi, pengine zaidi kidogo, ukubwa wa punje chache za mchele. Siku mbili tatu zinazofuata paja linauma kama uliyejigonga kwenye kona ya meza, na alama ndogo hubaki. Mara chache hutokea damu kuvilia, kidonda kuingia wadudu, au sehemu ndogo ya ngozi kufa ganzi kwa muda, na unastahili kuambiwa hayo kwa mdomo, hata kama yameandikwa kwenye karatasi. Kama unatumia aspirini, ibuprofeni au dawa yoyote inayoifanya damu iwe nyepesi, au umewahi kudhurika na dawa ya ganzi ya daktari wa meno, sema. Lakini kwa hesabu yako, sampuli ni sita, na sita siyo moja. Uliza zitachukuliwa paja lipi siku ipi, na kwa umbali gani kutoka kidonda hadi kidonda.

Sehemu ya vinywaji ndiyo inayovuta hamu ya wengi. Utapewa vitatu kwa mpangilio uliochaguliwa kwa bahati nasibu, na wewe wala anayekupima hamtajua kipi ni kipi. Tafadhali usijaribu kukisia. Kuna utafiti wa mwaka 2000 ambapo wapanda baiskeli walishindana na saa kwa kilomita 40: walioambiwa kwamba wanakunywa wanga waliongeza nguvu kwa zaidi ya asilimia 4 kwa wastani, ilhali walioambiwa kwamba chao hakina kitu waliongeza kama nusu asilimia tu. Imani peke yake inasukuma pedeli. Ukijiaminisha katikati ya safari kwamba leo umepewa maji matupu, utaendesha kama mtu aliyepewa maji matupu, na watafiti watadhani ni kinywaji.

Siku moja kati ya hizo tatu huenda ikawa mbaya, na ni haki yako kuijua mapema. Edward Coyle na wenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba wapanda baiskeli waliokuwa wamefunga, wakiendesha kwa kiasi cha asilimia 70 ya uwezo wao wa oksijeni, walichoka kabisa baada ya saa tatu hivi walipopewa kinywaji kisicho na wanga, na baada ya saa nne walipopewa chenye wanga. Wewe utaendesha saa tatu na baada ya hapo ushindane na saa. Mwishoni unaweza kuhisi baridi huku jasho linakutoka, mikono ikatetemeka, kichwa kikawa chepesi. Hiyo ni sukari ya damu inashuka. Waambie mapema, usingoje wakuone. Upande wa pili, siku ya wanga mwingi tumbo linaweza kukusumbua: utumbo hupokea glukosi peke yake kwa kiasi cha gramu 60 kwa saa, na ili kufika gramu 90 huchanganywa na fruktosi, yaani sukari ya matunda, inayopita mlango wake mwingine. Asiyezoea viwango hivyo huvimbiwa, huhisi kichefuchefu, wakati mwingine huharisha. Kama maelezo yao yanataja viwango hivyo, uliza ikiwa siku ya kuzoea utapewa kiasi kilekile.

Unayo haki ya kuacha wakati wowote. Tamko la Helsinki, ambalo chama cha madaktari duniani kilipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa tangu hapo, linasema mshiriki anaweza kuiondoa ridhaa yake wakati wowote bila kuadhibiwa. Saini yako si mkataba wa kazi. Katika siku ya tatu, dakika ya 140, ukiona mwili umekataa, inua mkono na useme "naacha". Huna deni la kumlipa mtu.

Mambo machache ya kuuliza ninayasisitiza kwa sababu ya tukio moja. Mwaka 2015, katika chuo kikuu kimoja huko Uingereza, wanafunzi wawili waliojitolea kwenye jaribio la kafeini na mazoezi walipewa gramu 30 badala ya gramu 0.3, mara mia moja ya kipimo, kwa sababu nukta iliwekwa mahali pasipo pake katika hesabu iliyofanywa kwa kikokotoo cha simu. Wote wawili walikimbizwa hospitali, wakalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, wakasafishwa damu kwa mashine, na kwa bahati wakapona. Sikuambii haya ili uogope, maana matukio kama hayo ni nadra sana na chuo kile kilitozwa faini kubwa mahakamani. Nakuambia ili ujue kwamba swali la "nani anapima dozi, na nani anaihakiki baada yake?" siyo utovu wa adabu. Mtafiti mzuri atalifurahia. Uliza pia kama yupo mwenye mafunzo ya kumwokoa mtu aliyesimama moyo, kama mashine ya kuushtua moyo iko palepale chumbani, na namba ya kibali cha kamati ya maadili ni ipi. Anayekunja uso kwa maswali haya, muage.

Limebaki suala la mashindano, na hapa kalenda yako inanitia mashaka kuliko paja lako. Kwa ratiba uliyoieleza, siku ya mwisho itaangukia kama wiki tatu kabla ya mashindano, nafasi inayotosha kupona na kurudi kwenye mazoezi. Lakini wewe ni mwanamke, na homoni za mwezi zinaweza kugusa namna mwili unavyotumia wanga na mafuta. Ndiyo maana watafiti wengine hupanga kila siku ya kipimo iangukie sehemu ileile ya mzunguko, na hapo wiki moja inageuka kuwa wiki nne. Maelezo yako yanasema wiki moja. Uliza kama wamelifikiria hilo, na kama wanataka kujua unatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Wakibadili ratiba katikati, utafiti utakula mashindano yako. Nikiri kwamba ninatamani ushiriki kwa sababu hiyohiyo: sehemu kubwa ya tunayoyajua katika fani hii yametoka kwenye mapaja ya wanaume, na wanawake wamekuwa wakipewa majibu ya watu wengine. Siku za kabla na baada ya kila kipimo zihesabu kuwa za mazoezi mepesi, na usiunganishe utafiti na kujinyima chakula ili kupunguza uzito.

Na kama mashindano unayoingia yanafuata kanuni za WADA, yaani shirika la kimataifa linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, mueleze mtafiti hivyo. Omba kuona orodha ya kila kiambato, na uthibitisho kwamba bidhaa yenyewe imepimwa isiwe na vitu vilivyopigwa marufuku, kwa sababu mbele ya kanuni hizo mwanamichezo hujibu kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Uliza pia kama kuna dripu. Tafiti nyingine humpitishia mshiriki glukosi yenye alama kupitia mshipa ili kuifuatilia, na kanuni zinakataza zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12, isipokuwa kwa matibabu ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Kujitolea kwenye utafiti hakumo katika hayo yanayosamehewa.

Wakikukubali baada ya daktari kukuona, nenda na mume wako ile siku ya kuzoea. Siku hiyo hakuna msuli unaochukuliwa, na ataweza kuiona baiskeli, kukutana na mtu atakayeishika sindano na kumuuliza mwenyewe anachotaka. Siku tatu zinazofuata mwombe akurudishe nyumbani, kwa sababu mtu aliyeendesha saa tatu akiwa na njaa na paja lililofungwa bendeji hapaswi kurudi peke yake.

Namba yako uliyoitaka sana, ya oksijeni, waombe wakupe kwa maandishi siku ileile. Na wakikukataa, muulize daktari atakayekupima moyo kama kipimo hicho kinaweza kufanywa chini ya uangalizi wake.

Mshauri wako